Shajara ya mradi: kunaswa kwa chaji katika argoni iliyoganda

3 Februari

Leo nimeanza kuandika programu ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana: uigaji mdogo wa namna chaji za umeme zinavyonaswa ndani ya gesi adimu zilizogandishwa (argoni, neoni, kriptoni na zenoni), kisha zinavyoachiliwa kidogo kidogo fuwele, yaani gesi iliyoganda na atomi zake zikajipanga, inapopashwa joto. Sina maabara ya baridi kali. Heliamu ya kimiminika, inayotumiwa kuishusha argoni hadi kelvini 5 (nyuzi 268 chini ya sifuri za Selsiasi), haipatikani karibu nami, na hata ingepatikana nisingekuwa na fedha za kuinunua. Nilicho nacho ni kompyuta ya mkononi, milinganyo ya namna elektroni zinavyotoroka mitegoni kwa joto, ambayo Randall na Wilkins waliichapisha mwaka 1945, na ripoti za majaribio yaliyofanywa na wengine kwa miongo kadhaa, hasa kundi la Elena Savchenko katika Taasisi ya Verkin mjini Kharkiv, Ukraini, lililoshirikiana na Vladimir Bondybey wa München, Ujerumani.

Jaribio lenyewe halina maelezo marefu. Gesi safi ya argoni hupulizwa ndani ya ombwe juu ya bamba la metali lililopozwa mno, nayo huganda hapo ikawa utando mwembamba. Utando huo hupigwa kwa mkondo wa elektroni kwa muda, kisha mkondo huzimwa na kila kitu huachwa gizani. Baadaye bamba hupashwa joto polepole, kelvini chache kwa dakika, na hapo ndipo utando unapoanza kutoa mwanga na kurusha elektroni nje, ingawa hakuna anayeupiga tena. Nishati hiyo ilikuwa imewekwa akiba mahali fulani. Swali la mradi huu ni mahali gani, na nini kiliishikilia.

Nilipomweleza mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita, aliniuliza: "Mwalimu, argoni haishiki elektroni ya mtu. Sasa inainasaje?" Sikuwa na jibu fupi. Atomi ya argoni ina tabaka la nje lililojaa, haina nafasi ya elektroni ya ziada, na jina lake lenyewe, ambalo Rayleigh na Ramsay walilitoa katika Kigiriki walipoigundua mwaka 1894, maana yake ni mvivu. Nimeliandika swali hilo juu kabisa ya faili la programu ili nisije nikalisahau nikishazama katika hesabu.

8 Februari

Kwanza istilahi, kwa kuwa zimenichanganya mwenyewe. Elektroni ikitolewa katika atomi moja, ukosefu wake unaweza kuhama kutoka atomi hadi atomi kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya. Huo nitauita tundu. Mahali ambapo atomi nzima imekosekana katika fuwele nitapaita pengo. Kipimo cha nishati kitakuwa elektroni-volti, kwa kifupi eV, yaani nishati ambayo elektroni moja huipata ikisukumwa na volti moja.

Tabia ya tundu imenipendeza kuliko nilivyotarajia. Katika argoni iliyoganda kila atomi ina majirani 12 walio umbali wa nanomita 0.376, na kinachowashikanisha ni mvuto dhaifu tu, ndiyo maana fuwele nzima huyeyuka kwa kelvini 83.8. Lakini atomi moja ikipoteza elektroni, haiwi mvivu tena. Humvuta jirani mmoja, wawili hao wakagawana tundu, wakakaribiana hadi umbali wa takribani nanomita 0.24, na kifungo kinachozaliwa kati yao kina nguvu ya karibu 1.3 eV. Kwa fuwele iliyoshikana kwa nyuzi nyembamba kiasi hicho, kifungo hicho ni kikubwa mno. Jozi hiyo hukaa pale ilipoundwa, na yote hutokea katika muda unaohesabiwa kwa pikosekunde, yaani sehemu za trilioni za sekunde. Tundu halikukuta mtego wowote njiani. Limejichimbia lenyewe katika fuwele ambayo ingeweza kuwa kamilifu.

Miller, Howe na Spear walipima mwaka 1968 wepesi wa kusogea kwa elektroni katika argoni, kriptoni na zenoni, zikiwa kimiminika na zikiwa zimeganda. Karibu na kiwango cha kuyeyuka, elektroni katika argoni iliyoganda husogea kwa wepesi wa takribani sentimita za mraba 1000 kwa volti kwa sekunde, ambao hata baadhi ya semikondakta zingeuonea wivu. Tundu husogea polepole kuliko hapo zaidi ya mara elfu kumi, kwa sababu kila hatua yake inadai jozi ivunjike na nyingine iundwe.

15 Februari

Wiki nzima imepotea, na kosa ni langu. Nilipoandika kanuni za mwanzo nilidhani kwamba kwa kuwa tundu hujinasa lenyewe, basi na elektroni hufanya vivyo hivyo, kila chaji kwa upande wake. Niliipa kila elektroni kina cha mtego, yaani nishati inayohitajika ili itoke, cha 1 eV popote iliposimama, nikaanza kupasha fuwele yangu ya kompyuta kwa kelvini 3 kwa dakika. Skrini, inayochora kiasi cha mwanga kwa kila halijoto, ilichora mstari ulionyooka kama barabara ya reli. Hapakuwa na kilele chochote. Nilipoilazimisha programu iendelee, kilele kilijitokeza kwa kelvini 345, yaani nyuzi 72 za Selsiasi, ambapo argoni halisi ingekuwa imeshachemka na kutawanyika chumbani zamani sana.

Nilipotulia nikaona ulinganifu niliouwazia haupo kabisa. Tundu huishi katika ukanda mwembamba wa nishati (ukanda ni safu ya viwango vya nishati ambavyo chaji inaweza kuwa navyo ndani ya fuwele), hivyo halipati faida kubwa kwa kutawanyika, na kujibana na jirani kunalilipa zaidi. Elektroni iliyo huru huishi katika ukanda mpana, imeenea juu ya atomi nyingi kwa wakati mmoja, na hakuna atomi hata moja inayoitaka. Hii ina maana kwamba chaji chanya hujinasa na chaji hasi hunaswa. Ya pili inahitaji kasoro iliyokuwapo kabla yake.

Kwa hiyo mwanga unaoonekana fuwele ikipashwa joto hauhusu kuachiliwa kwa tundu. Tundu limekaa pale pale likingoja, na elektroni ndiyo inayokurupuka kutoka mtegoni, ikakimbia, ikaikuta jozi yenye chaji chanya na kuungana nayo. Hapo huzaliwa jozi iliyosisimka, yaani yenye nishati ya ziada, nayo hutoa mwanga wa urujuanimno wa karibu nanomita 127, sawa na takribani 9.8 eV.

22 Februari

Leo nimefanya hesabu ambayo naiona ndiyo kiini cha mradi, kwa hiyo nitaiandika kwa kirefu.

Ni kasoro gani inayoweza kuinasa elektroni ambayo hakuna atomi inayoitaka? Jibu linategemea namba moja: tofauti ya nishati kati ya elektroni iliyosimama nje katika ombwe na elektroni iliyo chini kabisa ya ukanda wa upitishaji, ule wa elektroni zilizo huru, ndani ya fuwele. Katika neoni, kuwa ndani kunaigharimu elektroni takribani 1.3 eV zaidi kuliko kuwa nje. Katika argoni gharama hiyo ni takribani 0.4 eV. Katika zenoni mambo yamegeuka: atomi zake ni kubwa, hupindishika kirahisi na uga wa umeme, na elektroni hupata nafuu ya takribani 0.5 eV ikiingia ndani. Kriptoni nayo iko upande wa zenoni, kwa kiasi kidogo.

Maana yake ni kwamba ndani ya argoni au neoni elektroni inaishi kama mgeni aliyebanwa katika daladala iliyojaa: ikiona nafasi tupu, hujitupa hapo. Utupu ndio mtego. Fuwele isiyo na pengo haina pa kuinasa, na hilo ndilo jibu ambalo nitampelekea mwanafunzi wangu Jumatatu.

Lakini si kila utupu unatosha. Elektroni ikibanwa katika nafasi ndogo hudai nishati ya mwendo, na kadiri nafasi inavyokuwa finyu ndivyo madai yanavyopanda. Nimelichukulia pengo kama tufe tupu lenye ukuta wa kimo cha 0.4 eV, nikatumia sharti linalofundishwa katika kila kozi ya mwanzo ya fizikia ya kwanta. Ili tufe hilo liweze kuishika elektroni hata kwa shida, nusu kipenyo chake lazima kifike nanomita 0.485. Nafasi inayoachwa na atomi moja ya argoni ina nusu kipenyo cha nanomita 0.208 tu. Kwa ujazo, zinatakiwa ziondoke atomi zipatazo 13. Pengo la atomi moja halinasi kitu.

Kwa neoni, ambayo ukuta wake ni mrefu zaidi, nusu kipenyo kinachotakiwa ni nanomita 0.269, na ujazo huo ni wa atomi 4 hivi. Kwa zenoni hesabu yenyewe haina mwanzo: utupu kwake ni mlima, elektroni itaukwepa, na mitego italazimika kutafutwa kwingine, kama vile kwenye atomi ngeni.

Najua udhaifu wa mfano huu. Ukuta wa kweli hauko wima. Atomi zilizo pembeni mwa pengo huvutwa na chaji na kusogea. Uzito ambao elektroni inajionyesha nao ndani ya fuwele si ule wa nje. Kwa hiyo silitetei tarakimu la 13. Ninalolitetea ni kwamba mtego wa elektroni katika argoni ni shimo la atomi kadhaa, kitu cha ukubwa wa shimo la panya na si jicho la sindano. Mashimo ya namna hiyo hayakosekani katika utando uliogandishwa kwa kupulizwa, kwa maana atomi inayotua juu ya bamba lenye kelvini chache hunata pale ilipoangukia kabla haijapata nafasi ya kujipanga.

23 Februari

Umeme ulikatika saa nne usiku na betri ya kompyuta ni ya kizamani. Hesabu iliyokuwa imeendeshwa kwa muda wa saa sita imepotea. Kuanzia leo programu inahifadhi matokeo kila dakika tano.

2 Machi

Vilele vimepatikana. Kila mtego una kina chake, na uwezekano wa elektroni kutoroka katika sekunde moja ni masafa ya majaribio yake ya kutoka, ukizidisha kwa kipeo kinachopungua kadiri kina kinavyozidi nishati ya joto. Kwa masafa hayo nimetumia mara trilioni 2 kwa sekunde, kwa kuwa ndiyo kasi ya kawaida ya mitetemo ya fuwele ya argoni. Mtego wa 0.03 eV unatoa kilele cha mwanga kwa kelvini 11.5, na wa 0.06 eV kwa kelvini 22.5.

Nilirudi kwenye hesabu ya tufe tupu kuuliza vina hivyo vinahitaji mashimo ya ukubwa gani. Kina cha 0.03 eV kinatoka katika shimo la atomi 23 hivi, na cha 0.06 eV katika shimo la atomi 32. Atomi tisa zaidi zimekisukuma kilele kwa kelvini 11. Hili limenifikirisha, maana kama utando ungekuwa na mashimo ya kila ukubwa bila mpangilio, vilele vingeyeyukiana vikawa kilima kimoja kipana. Majaribio huonyesha kilima kipana, ndiyo, lakini juu yake vipo vilele vinavyotambulika. Nadhani baadhi ya mitego ina umbo maalumu linalojirudia, na mashimo ya ovyo ndiyo yanayojaza mandharinyuma.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni makali ya halijoto. Kwa mtego ule ule wa 0.03 eV, wastani wa muda ambao elektroni hukaa mtegoni kwa kelvini 15 ni milisekunde 6. Kwa kelvini 10 ni dakika 11. Kwa kelvini 5 ni karibu mara mbili ya umri wa ulimwengu. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu kwa mkono nikidhani nimekosea sifuri, nayo haikubadilika.

Kosa lilikuwa kwingine. Kwa siku mbili programu ilikuwa inapasha joto kwa kelvini 3 kwa sekunde badala ya kwa dakika, na sikuligundua kwa sababu kasi iliyozidishwa mara 60 ilikisogeza kilele kutoka kelvini 11.5 hadi 13.1 tu, tofauti ambayo mtu angeweza kuipokea kama kawaida. Nililigundua nilipoona muda wote wa jaribio umekuwa sekunde chache. Tangu sasa kila namba katika faili langu inaandikwa pamoja na kipimo chake.

11 Machi

Mpaka sasa nilikuwa nimeichukulia elektroni iliyotoroka kuwa inakwenda moja kwa moja kwenye jozi yenye chaji chanya. Kwa kweli njiani inaweza kuangukia mtego mwingine. Nimeiruhusu programu kunasa upya, kwa uwezekano sawa na ule wa kuungana na chaji chanya, na kilele kimeacha kuwa na bega moja kali na kuwa na pande mbili zinazokaribia kufanana. Aidha kimeanza kutegemea kiasi cha mitego iliyojazwa: mitego yote ikiwa imejaa, kilele hukaa kwenye kelvini 11.5, lakini ikijazwa sehemu ya kumi tu husogea hadi 12.3. Mtu mwenye maabara anaweza kutumia jambo hili kama kipimo, kwa kuupiga utando mmoja kwa muda mfupi na mwingine kwa muda mrefu, kisha kutazama kama kilele kinahama.

Lipo jambo lingine ambalo bado sijaliingiza. Jozi iliyosisimka ikishatoa mwanga, atomi zake mbili hujikuta tena katika hali ya kawaida huku zikiwa zimekaribiana kupita kiasi. Husukumana kwa nguvu, na nishati ya takribani 1 eV inayotoka hapo hutosha kuwasogeza majirani, kuacha pengo, hata kurusha atomi nje ikiwa jambo limetokea kwenye uso wa utando. Kwa hiyo kupiga utando kwa elektroni hakujazi mitego tu, hutengeneza mingine. Fuwele inayopimwa mwisho wa jaribio si ile iliyokuwapo mwanzoni.

19 Machi

Nimesoma kuhusu uchafu. Hakuna ombwe lisilo na mabaki ya maji, haidrojeni na oksijeni, na mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Molekuli ya oksijeni hupenda elektroni kwa takribani 0.45 eV hata ikiwa peke yake, na ikizungukwa na argoni iliyopindishwa na chaji hasi, kina huongezeka. Elektroni iliyoangukia hapo haitoki tena kwa joto lolote ambalo argoni inaweza kulivumilia bila kuyeyuka. Labda kwa mwanga.

Upande wa chaji chanya upo mfano ambao naupenda kwa sababu ulidhaniwa kuwa kitu kingine. Mwaka 1972 Bondybey na Pimentel waliripoti mstari wa infraredi karibu na 905 kwa sentimita (idadi ya mawimbi yanayoenea katika sentimita moja) katika argoni yenye haidrojeni, wakaufasiri kuwa ni mtetemo wa atomi ya haidrojeni iliyofungiwa kati ya atomi za argoni. Mwaka uliofuata Milligan na Jacox walionyesha kwamba kilichonaswa kina chaji: ni protoni, yaani kiini cha haidrojeni, iliyoshikwa katikati ya atomi mbili za argoni. Katika kriptoni mstari huo huonekana karibu na 853, na katika zenoni karibu na 731. Kwa hiyo chaji chanya ina makao mawili, ile jozi ya argoni niliyoieleza mwezi uliopita, na hii ya protoni palipo na haidrojeni. Programu yangu inazihesabu zote mbili kama kitu kimoja. Italazimika kuzitenganisha, kwa kuwa elektroni ikiungana na protoni hiyo haitoi mwanga wa nanomita 127.

27 Machi

Nimemaliza sehemu ya neoni, na imenipeleka nisikotarajia. Ikiwa kuingia ndani ya neoni kunaigharimu elektroni 1.3 eV, basi elektroni iliyo nje haiwezi kuingia, na wakati huo huo chaji yake huzipindisha atomi za neoni, nazo huivuta kana kwamba ndani mna taswira yake yenye chaji kinyume, ikashikwa hapo juu ya uso, katika ombwe, bila kugusa. Kwa kigawo cha umeme cha neoni iliyoganda, yaani kipimo cha kiasi inavyopindishika na uga wa umeme, cha 1.244, hesabu yangu inatoa kifungo cha takribani eV 0.010 na umbali wa karibu nanomita 2 kutoka usoni. Kwa heliamu ya kimiminika, hesabu ile ile inatoa eV 0.00065 na nanomita 7.6, jambo linalolingana na vipimo vinavyojulikana kwa heliamu, kwa hiyo naamini sijakosea mahali.

Mwaka 2022 watafiti walioongozwa kutoka Maabara ya Taifa ya Argonne, Marekani, walichapisha kwamba wametumia elektroni moja iliyoshikwa hivyo juu ya neoni kama kipande cha kuhifadhi taarifa za kwanta. Walichohitaji ni uso wenye utulivu, na uso wa neoni hauna chaji zinazotangatanga wala sumaku ya kuivuruga elektroni.

Uso katika hesabu yangu ni tambarare kama meza. Utando halisi una vilima na mabonde, na nashuku kwamba elektroni haikai popote bali hutafuta umbo fulani la uso. Kazi ya wiki ijayo ni kuweka kilima kimoja chenye kimo cha nanomita 5 katikati ya gridi na kuona elektroni inasimama upande gani. Faili la mwisho lililohifadhiwa ni la saa tano na dakika ishirini usiku.